Damu ya Jumatatu Nane

Sehemu ya tisa

Mlango uliokuwa ukisukumwa wiki iliyopita sasa ulifunguka wote, na aliyesimama kizingitini hakuwa mfagizi kama Kusum alivyokuwa akiomba. Alikuwa Daktari Hemant Parchure mwenyewe, nywele zimepakwa rangi nyeusi ti, simu sikioni.

Faili la marehemu lilikuwa ndani ya sari ya Kusum, limebanwa ubavuni kwa kiwiko.

Bibi wa miaka sabini na miwili akikutwa katika chumba cha mafaili ana njia mbili tu. Ya kwanza ni kukimbia, na magoti ya Kusum yalistaafu zamani kuliko yeye. Ya pili ni kujitia hamnazo. Kusum alilegeza mdomo, akaacha udenda uchuruzike kidogo, akalitazama kabati kwa mapenzi.

"Mama," aliliambia kabati. "Mama, maziwa yamefurika."

Daktari Parchure alimtazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia sebuleni.

"Hapana, hakuna mtu," alisema kwenye simu. "Ni kizee kimoja kimepotea njia. Endelea."

Hakuna mtu. Kusum aliyaweka maneno hayo pale anapowekea mambo ya kulipizwa.

"Kamati ya maadili inakaa saa tano," daktari aliendelea, akijikuna shingo mbele yake bila haya. "Hao? Hao wanakunywa chai, wanakula biskuti, wanatia saini. Ndugu yangu, nimekwambia mara ngapi, hakuna washiriki wazuri wa utafiti kama wazee. Hawasomi, hawaulizi, na wakifa kila mtu anasema umri."

Akacheka. Yule wa upande wa pili naye akacheka, sauti ikavuja nje ya simu kama maji ya mtaro.

Kusum alitabasamu pia, kijinga, akiwa na faili ubavuni.

Daktari alipomaliza alimshika mkono. Alimshika mkono uleule uliobana faili! Kiwiko kikaachia. Faili likateleza kiasi cha vidole viwili, na kona yake ikachungulia chini ya pindo la sari.

"Sista!" Parchure alipaza sauti ukumbini. "Njoo uondoe mzigo wako!"

Sista Shalan Gavli akaja mbio. Ndiye muuguzi pekee wa Makao ya Wazee ya Shevanti, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, ambaye kwa wiki tatu hakuwa amethubutu kumtazama Kusum usoni. Sasa alitazama. Aliiona kona ya faili. Akamwona daktari.

Msomaji, hapo Kusum alijua kazi imekwisha.

Lakini Shalan aliinyoosha mikono yake miwili, akalivuta pindo la sari, akalifunika bega la bibi na kila kilichokuwa chini yake, kama mtu anayemsitiri mzazi. "Twende, Aji, bibi yangu," alisema. "Utapata baridi."

Walipopinda kona, Kusum aliukausha mdomo kwa mgongo wa mkono na akili zote zikamrudi.

"Kwa nini umenificha?"

"Usiniulize, Aji."

"Nakuuliza."

"Nina watoto wawili."

"Woga si watoto wawili, binti. Woga ni woga. Usiwasingizie watoto."

Shalan machozi yalimlengalenga, akageuka akaenda zake, na Kusum akamdharau kwa mwendo wote wa ukumbi mpaka alipofika bafuni na kujifungia.

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: Kusum Dhamankar alikaa miaka thelathini na minne dirishani akigawa dawa katika hospitali ya serikali hapa Kolhapur. Nusu ya mji huu imepokea vidonge kutoka mkononi mwake, na nusu nyingine imetukanwa naye kwa kusahau dozi. Wanawe walipohamia Pune walimleta Shevanti, wakamwacha na redio na mto wa mgongo.

Wiki kumi na moja zilizopita Daktari Parchure aliingia hapo na kidonge cha zambarau. Kidonge kipya, alisema, kinarudisha kumbukumbu za wazee, na kinajaribiwa kuona kama mwili wa mzee unakistahimili. Wazee arobaini wakaandikishwa. Waliojua kuandika walitia saini, wasiojua walichovya dole gumba kwenye wino, na wasiojua hata mahali walipo walishikwa mkono wakachovyeshwa.

Miongoni mwao alikuwa Dattu Ingavale, miaka sabini na tisa. Huyo hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Pailwan, mwanamieleka, kwa sababu ujanani aliwabwaga wanaume kwenye udongo mwekundu mbele ya umati mpaka mikono ikachoka kupiga makofi. Uzeeni alikuwa anasahau kama amekula.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Alhamisi, Pailwan alipata kizunguzungu juu ya ngazi akaporomoka. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho.

Kusum alitaka kujua jambo moja tu: daktari aliandika nini?

Alilifungua faili juu ya magoti yake. Karatasi zilikuwa nyingi, lakini ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja.

*Mshiriki namba 17 amejitoa katika utafiti kwa hiari yake.*

Alisoma mara mbili. Kwa hiari yake! Mtu aliyebebwa na mabega manne mpaka uwanja wa kuchomea maiti, miguu mbele, maua ya manjano kifuani, amejitoa kwa hiari yake! Basi kila aliyezikwa duniani ni mtoro tu.

Kusum hakulia. Hakuwa mtu wa kulia akiwa na hasira. Alikunja faili, akaosha uso, akasuka nywele zake nyeupe upya, akachukua mkongojo.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi kufika saa tano.

Kamati ya maadili ilikuwa imekaa ukumbi wa chakula, watu watano nyuma ya meza ndefu. Katikati alikaa mwenyekiti, Bwana Vinayak Sabnis, mkuu wa chuo mstaafu, shali ya hariri mabegani na shada la maua shingoni. Ni mtu ambaye hajawahi kusema sentensi moja pale ambapo tatu zingetosha. Biskuti zilikuwa zimekwisha kupungua.

"…hakuna madhara yoyote makubwa," Daktari Parchure alikuwa akisema, akisimama kando ya picha za chati ukutani. "Wazee arobaini, na ni mmoja tu aliyejitoa, kwa hiari yake."

"Alijitoa kwenda wapi?"

Vichwa vitano viligeuka. Kusum alikuwa mlangoni, wima kama msumari. Nyuma yake, karibu na meza ya chai, Shalan aliganda na sinia mkononi.

"Nauliza," Kusum alisema, akisogea mbele. "Dattu Ingavale alijitoa kwenda wapi? Maana mimi nilimsindikiza, na nilipoishia palikuwa na kuni." Akalibwaga faili juu ya sahani ya biskuti. "Ukurasa wa mwisho. Mstari ni mmoja, hautawachosha."

Bwana Sabnis hakuligusa. "Huyu mama ni nani?"

"Mgonjwa, saheb," Parchure alisema, sauti yake tamu kama asali iliyoingiwa na maji. "Namba ishirini na tatu. Tumhurumie. Asubuhi hii nimemkuta anazungumza na kabati."

Watu wakacheka.

"Kabati lilikuwa na adabu kukupita," Kusum alisema. "Lilinyamaza nilipokuwa naongea."

"Bibi," alisema Sabnis, "kabla kamati haijakusikiliza, ni haki na ni utaratibu na ni desturi yetu kujua kama akili yako iko timamu."

"Niulize. Kisha na mimi nitakuuliza wewe."

Akaulizwa siku, akataja siku, tarehe, na nani alipika asubuhi na chumvi alivyoizidisha. Akaambiwa ahesabu kurudi nyuma kutoka mia, akitoa saba saba. Alifika mbili wakati karani bado yuko hamsini na moja akihesabu kwa vidole. Akaambiwa ataje vitu vitano alivyoonyeshwa dakika iliyopita. Akavitaja, akataja na doa la chai kwenye shati la aliyemwonyesha.

"Na wewe," aligeuka kwa mjumbe aliyevaa skafu ya kijani, "sura yako naijua. Ulikuwa ukija dirishani kwangu kila Ijumaa, mwaka ule wa mafuriko, kuchukua dawa ya kupaka ya…"

"Inatosha!" mjumbe alipiga kelele. "Akili yake ni timamu! Timamu kabisa!"

Kusum alimgeukia Parchure. Alitaka kuona uso ukianguka.

Uso haukuanguka. Daktari alikuwa anapiga makofi.

Naam, makofi! Taratibu, kwa furaha, kama mtu aliye harusini.

"Waheshimiwa," alisema, "sikutaka kuwaonyesha mapema, lakini mmejionea. Huyu ndiye namba ishirini na tatu. Wiki kumi na moja zilizopita alipimwa kumbukumbu, alipata alama sita kati ya thelathini. Sita! Leo mmemsikia." Akabonyeza, chati ikabadilika ukutani. "Na hii ni damu yake. Jumatatu nane mfululizo. Kiwango cha dawa ni kikubwa kuliko karibu wazee wote. Dawa imeingia, akili imerudi. Mama, tunakushukuru."

Minong'ono ikapita mezani. Mjumbe wa mwisho upande wa kulia naye akaanza kupiga makofi.

Kusum alijiona anaibiwa mchana kweupe. Alama sita! Alikumbuka siku ile: walimleta kijana wa ofisini asiyejua kufunga kola, akamuuliza kwa sauti ya kitoto, "Bibi, tembo ana rangi gani?" Naye, kwa dharau, alikataa kujibu maswali ishirini na manne. Sasa kimya chake kilikuwa kimeandikwa upungufu, na ulimi wake umeandikwa muujiza wa kidonge.

"Daktari," alisema polepole. "Hiyo dawa yako hainidai shukrani. Sijameza hata kimoja."

Makofi yakakatika.

"Miaka thelathini na minne nimewatazama watu wakificha vidonge," alisema Kusum. "Chini ya ulimi, kwenye shavu, nyuma ya jino bovu. Nimewakamata askari, nimewakamata makuhani wa hekalu. Wewe ulidhani utanimezesha kitu nisichojua kimepikwa wapi? Kila asubuhi nilifungua mdomo mbele ya sista, nikasema aaa, nikaenda nikakitema."

"Uongo!" Parchure sasa alikuwa amewiva masikio. "Mtu huongopa, damu haiongopi. Jumatatu nane! Matokeo ya maabara haya hapa, jina lako hili hapa!"

"Basi tuulizane vizuri, mwanangu." Kusum aliuegemea mkongojo. Hakuwa amefurahi hivyo tangu astaafu. "Mimi sijameza. Damu ina dawa. Hiyo damu ni ya nani?"

Mmoja mmoja, wajumbe wakageuka kumtazama mtu wa pekee katika nyumba ile ambaye hushika sindano.

Shalan aliiweka sinia mezani. Aliiweka kwa uangalifu, kana kwamba jambo kubwa siku ile lilikuwa vikombe visigongane.

"Wazee arobaini," alisema. "Muuguzi mmoja. Gari la maabara likifika saa tatu halingoji. Na mishipa yako, Aji, inakimbia kama mijusi. Nilikuchoma mara nne Jumatatu ya kwanza. Unakumbuka ulichoniita?"

Kusum alikumbuka. Hakikuwa kitu cha kurudia mbele ya wanaume.

"Nikaogopa kukurudia. Wewe na wengine watatu, ambao hulia. Nikawa natoa damu kwa mtu mmoja, najaza vichupa vyake, najaza na vyenu. Alikuwa na mishipa kama kamba za ng'ombe. Hakukataa hata siku moja. Alikuwa akinyoosha mkono anacheka, 'Chukua, binti, humu imo ya wilaya nzima.'"

"Nani?" aliuliza mjumbe wa skafu, ingawa kila mtu alishajua.

"Pailwan."

Kusum alitikisa kichwa kwa kebehi. Wote sawasawa, aliwaza. Mkubwa anaghushi kifo, mdogo anaghushi damu. Akafungua mdomo aseme, lakini Shalan alikuwa hajamaliza.

"Kitu ambacho sikuelewa ni kiwango," alisema. "Maabara walinipigia wenyewe. Walisema dawa iliyomo kwenye vichupa vile si ya kidonge kimoja kwa siku. Ni ya viwili. Nikasema mashine yao mbovu, kwa sababu Pailwan nilikuwa nampa kimoja. Kwa mkono wangu, kila siku, kimoja."

Hapo ndipo mkongojo wa Kusum ulipoteleza.

Kwa maana upande wa wanawake kuna mfagizi anayechungulia kila kinachotupwa, na Kusum hakutaka vidonge vyake vionekane. Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya kutema, alikifunga kidonge kwenye kipande cha karatasi, akaenda uani, akampa mzee mmoja anayeota jua kwenye benchi.

"Katupe chooni kwenu."

"Haya, Kusum-bai."

Siku hamsini na kitu. Hakuwahi kumuuliza kama ametupa. Nani angemuuliza Pailwan jambo, mtu asiyekumbuka kama amekula?

Aliikumbuka asubuhi moja. Mzee alimwuliza, "Kusum-bai, ni kweli hivi vinarudisha kumbukumbu?" Naye alimjibu bila hata kumtazama, "Labda za wajinga."

Na akaikumbuka nyingine, kama wiki moja kabla ya ngazi. Mzee alikuja anavuta mguu uani kote, uso unang'aa kama wa siku ya ushindi. "Kusum-bai! Limerudi! Jina la mke wangu limerudi! Anusaya! Alikuwa anaitwa Anusaya!" Kusum alimwambia hongera, sasa kaa usianguke.

Jina lilikuwa limerudi. Bila shaka mzee alidhani, akivimeza viwili, na sura ya mkewe itarudi.

"Bibi Kusum." Sauti ya Bwana Sabnis ilitoka mbali. "Hivyo vidonge ulivyokuwa ukitema, ulivipeleka wapi?"

Parchure aligeuka taratibu. Hakuwa mtu mwema, lakini hakuwa mpumbavu. Kusum aliiona hesabu ikifanyika nyuma ya macho yake, na tabasamu likianza kuchipua pembeni mwa mdomo.

Neno moja tu lilitakiwa. Chooni. Nani angepinga? Shahidi alikuwa majivu, na majivu yameshamwagwa mtoni Panchganga. Akisema chooni, Parchure amekwisha. Akisema kweli, amempa mwanamume huyu kamba ya kumwopoa shimoni.

Maisha yake yote Kusum aliwadharau waongo, na alipenda kuwadharau. Kulimpasha moto kama chai. Sasa uongo ulikuja kwake umevaa nguo safi, una faida, una haki.

"Nilimpa Ingavale," alisema. "Nilimwambia akavitupe. Hakutupa."

Shalan akafunika uso.

"Andikeni!" Parchure aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Karani, andika neno kwa neno! Mzee amekufa kwa dozi mbili, na ya pili imetoka mkononi mwa huyu! Huyu, mgawa dawa wa miaka thelathini na minne! Dawa yangu ina kosa gani hapo?"

"Na 'kwa hiari yake'?" Kusum aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilisimama. "Mimi langu nimelisema. Lako ulilisema lini?"

"Nyamaza, bibi!" Bwana Sabnis alikuwa amesimama, shada la maua limepinda. Sasa alisema kwa ufupi. "Keti. Usitamke neno jingine mpaka upate wakili. Suala hili ni la polisi sasa. Kikao kimefungwa."

"Hakijafungwa."

Ilikuwa Shalan. Mikono ilikuwa imetoka usoni, na uso ule haukuwa ule uliokuwa ukikimbia ukumbini asubuhi.

"Maabara waliponiambia kuhusu dozi mbili, Pailwan alikuwa mzima," alisema. "Zilibaki siku kumi na moja. Kama watu wangeniuliza kidogo tu, ningewaambia vichupa ni vya nani. Dawa ingesimamishwa siku ileile. Maabara niliwajibu mashine mbovu, lakini sikunyamaza. Nilipiga simu."

"Hukunipigia mimi!" Parchure alibweka. "Naapa, hakunipigia!"

"Sikukupigia wewe. Nani angekupigia wewe?" Alisema hivyo kwa dharau safi, tulivu, hata Kusum akainua kichwa. "Kwenye fomu ya ridhaa, chini kabisa, kwa maandishi madogo, kuna namba. Imeandikwa: ukiona hatari yoyote kwa mshiriki, piga hapa. Nilipiga. Nikaeleza yote, na damu niliyobadilisha nikaikiri. Mwanamume aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, 'Sista, hao ni watu wanaongoja gari la mwisho. Ukipiga kelele, utawachelewesha na wengine.' Akakata."

"Ni nani huyo?" aliuliza mjumbe wa skafu.

Shalan aliinua kidole. Kikampita Parchure, ambaye alikuwa ameduwaa kweli, bila kuigiza. Kikampita karani. Kikaganda mbele ya shali ya hariri ya mwenyekiti.

"Jina sikuambiwa," alisema. "Lakini sauti hii nimeisikia leo tangu saa tano, na nimeitambua. Hebu, saheb, yarudie yale maneno. Mbele ya Aji."